Jengo Linalofunguka

Jengo la kawaida la zege lina kifo cha aina moja. Tingatinga linaletwa, kuta zinaangushwa, na vilivyokuwa matofali, vigae, nyaya na mabomba vinageuka kifusi kisichochambulika. Nondo huchomolewa na kupelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kinachobaki kinafukia mashimo au kumwagwa dampo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, taka za ujenzi na ubomoaji ni zaidi ya theluthi moja ya taka zote. Utengenezaji wa saruji, kwa upande wake, hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewaukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kwa hiyo ukuta unapovunjwa haipotei mali peke yake. Unapotea pia moto wote uliowashwa tanuruni kuutengeneza.

Na majengo mengi huvunjwa yangali na nguvu. Ni machache yanayoanguka kwa sababu nguzo zimechoka. Ofisi imehama, barabara inapanuliwa, kiwanja kimepanda bei, vyumba havifai kwa kazi mpya, basi jengo zima linaondolewa hali mifupa yake ingeweza kubeba miaka mingine 50. Dhana ya uchumi wa mzunguko katika ujenzi inaanzia hapo. Inadai mambo mawili tangu ramani ya kwanza: jengo liweze kubadilishwa matumizi bila kubomolewa, na siku likilazimika kuondoka, vipande vyake vitoke vizima na kwenda kujenga kwingine.

Dai la kwanza huanza kwa kutambua kwamba jengo halizeeki kwa mwendo mmoja. Msanifu wa Uingereza Frank Duffy alilieleza jengo kuwa ni matabaka yenye umri tofauti, na Mmarekani Stewart Brand akayapanua matabaka hayo kuwa sita katika kitabu chake cha mwaka 1994, How Buildings Learn. Kiwanja hudumu kuliko vyote. Mifupa, yaani msingi, nguzo na mihimili, huishi miaka 30 hadi 300. Ngozi ya nje hubadilishwa kila baada ya miaka 20 hivi. Nyaya, mabomba na mitambo ya hewa huchakaa katika miaka 7 hadi 15. Kuta za kugawa vyumba huweza kuhamishwa kila miaka mitatu katika ofisi, na samani husogezwa wakati wowote.

Shida huja matabaka haya yanapogandishwa pamoja. Bomba la maji likizikwa ndani ya zege, kitu cha miaka 15 kimefungwa ndani ya kitu cha miaka 100. Bomba likipasuka, fundi hana budi kuvunja kilicho kizima ili akifikie kibovu. Ukuta wa kugawa vyumba ukibebeshwa slabu, mpangilio wa vyumba umekuwa wa milele. Msanifu anayejali mabadiliko huacha nguzo zibebe mzigo na kuta zisibebe kitu, hupitisha mabomba kwenye njia inayofunguka, na huinua dari juu kidogo kuliko inavyohitajika leo, kwa kuwa jengo lenye dari fupi halina maisha ya pili.

Mholanzi John Habraken alitetea wazo hilo mapema, mwaka 1961, akichoshwa na maghorofa ya makazi yaliyofanana kila kona. Pendekezo lake lilikuwa kwamba mji ujenge mifupa ya kudumu na kila familia ijipangie ndani yake. Mjini Osaka, Japani, jengo la majaribio liitwalo NEXT21 lilikamilishwa mwaka 1993 kwa misingi ya aina hiyo: nyumba 18 katika mifupa ileile ya zege, zikiwa zimechorwa na wasanifu mbalimbali, na kuta za nje zinazoweza kung'olewa na kupangwa upya. Baadhi ya nyumba hizo zimeshabadilishwa umbo huku vipande vya ukuta wa nje vikirudishwa kazini.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wake ambao haukusubiri nadharia. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kama zile zilizojaa zamani Kariakoo na Magomeni jijini Dar es Salaam, ina korido katikati, vyumba vitatu kila upande na uani kwa nyuma. Vyumba vinakaribiana ukubwa, na kila kimoja kina mlango wake wa kutokea koridoni. Kwa sababu hiyo chumba chochote kinaweza kuwa cha mwenye nyumba, cha mpangaji au cha cherehani, na cha mbele kikatobolewa dirisha kikawa duka. Nyumba za kisasa ambazo kila chumba kimepewa kazi moja na ukubwa wake haziwezi kupokea mageuzi hayo kwa urahisi.

Dai la pili, la vipande kutoka vizima, linategemea kitu kimoja kuliko vyote: kiungo. Tofali la kuchoma lililojengewa kwa chokaa hubanduliwa, likasuguliwa na kujengewa tena, maana chokaa ni laini kuliko tofali. Likijengewa kwa saruji kali, tofali ndilo linalovunjika kwanza. Chuma kilichofungwa kwa bolti hufunguliwa kwa spana. Kilichochomelewa hukatwa, na kila kinapokatwa kinafupika. Mbao iliyokazwa kwa skrubu hutoka salama kuliko iliyopigwa misumari, na iliyogundishwa kwa gundi haitoki kabisa. Hapa uteuzi wa kifaa una uzito mdogo kuliko unavyodhaniwa. Nyumba ya mbao iliyojaa gundi na povu inaweza kuwa mbaya zaidi, siku ya kuondoka, kuliko ya chuma iliyofungwa kwa bolti.

Mahakama ya muda ya Amsterdam inaonyesha kazi hiyo ikifanyika kwa ukamilifu. Serikali ya Uholanzi ilihitaji mahali pa kuendeshea kesi kwa miaka michache wakati mahakama ya kudumu ikijengwa. Kwa kawaida hitaji la namna hiyo hutatuliwa kwa vibanda vya kupanga, au kwa jengo la bei rahisi linalovunjwa baadaye. Safari hii wajenzi walitakiwa kufikiria pia thamani itakayobaki baada ya matumizi, na ofisi ya usanifu ya cepezed ikachora jengo la kufunguliwa. Lilianza kazi mwaka 2016, likiwa na mifupa ya chuma iliyofungwa kwa bolti.

Penye ugumu palikuwa kwenye sakafu. Slabu za zege zilizotengenezwa kiwandani, zenye matundu marefu ndani, kwa desturi hupangwa juu ya mihimili, kisha nyufa kati yake humiminiwa zege bichi ili sakafu nzima ishikamane. Jengo hupata ukakamavu unaohitajika, lakini slabu hizo hazitaachana tena bila nyundo. Wahandisi wa mahakama hiyo walibuni kishikizo maalumu cha kuifunga slabu kwenye mhimili wa chuma, kinachotoa ukakamavu uleule na kufunguka kikihitajika. Ni kitu kidogo, tena hakionekani na yeyote anayeingia mahakamani, lakini kisingekuwepo jengo lote lingeishia kuwa kifusi chenye nguzo nzuri. Mahakama ya kudumu ilipokuwa tayari, hii ya muda ilifunguliwa, ikasafirishwa hadi Enschede, mashariki mwa nchi, na kusimamishwa upya kuwa jengo la ofisi.

Bila kumbukumbu, hata kiungo kizuri hakisaidii. Mtu atakayefungua jengo baada ya miaka 40 si aliyelijenga, na hatajua mhimili ule ni chuma cha daraja gani wala mbao ile ilipakwa dawa gani. Ndiyo maana msanifu Thomas Rau, mwenye ofisi yake Uholanzi, alishiriki kuanzisha Madaster mwaka 2017, daftari la kidijitali ambamo kila jengo hupewa pasipoti ya vifaa: kila kipande, wingi wake, mahali kilipo na namna kilivyofungwa. Ofisi ya benki ya Triodos huko Driebergen-Rijsenburg, iliyochorwa na Rau na kufunguliwa mwaka 2019, ni ya mbao, na pasipoti yake imehesabu hadi skrubu: 165,312.

Afrika Mashariki utumiaji upya wa vifaa haujawahi kukosa wateja. Milango ya kuchonga ya Unguja na Lamu imehamishwa kutoka nyumba hadi nyumba kwa vizazi. Nyumba ikichorwa alama nyekundu ya X kupisha barabara, wenyewe huezua mabati, hung'oa milango, madirisha na mbao za kenchi kabla tingatinga halijafika, na vifaa hivyo hupata mnunuzi. Upungufu uko kwenye ramani, kwa sababu hakuna aliyefikiria siku ya kuezua. Mabati yaliyopigwa misumari hutoka na matundu ambayo lazima yazibwe, mbao za kenchi hupasuka misumari ya inchi nne inapong'olewa, na tofali la saruji, ambalo ndilo mwili wa nyumba, halitoki zima. Mabati yangekazwa kwa skrubu zenye mpira, mwenye nyumba angepoteza muda kidogo wakati wa kuezeka na kuokoa sehemu kubwa ya mali wakati wa kuezua.

Hata hivyo uwezo wa kufunguka haumaanishi kwamba jengo litafunguliwa. Uwanja wa 974 wa Doha, uliojengwa kwa makontena 974 na mifupa ya chuma kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2022, ulitangazwa kuwa utang'olewa na kupelekwa kwingine. Desemba 2024 ulikuwa ungali pale, na mechi za kimataifa zilichezwa humo. Kuutumia papo hapo si hasara, lakini kunapunguza thamani ya chuma cha ziada na viungo vya gharama vilivyowekwa ili uhame. Faida ya jengo la kuhamishika hutegemea idadi na urefu wa safari zake; likivushwa bahari mara moja tu, meli na makreni huweza kula sehemu kubwa ya kilichookolewa.

Vikwazo vingine ni vya soko na sheria. Mhimili uliotumika unahitaji kupimwa nguvu kabla mhandisi hajausainia, unahitaji ghala la kuutunza hadi apatikane mnunuzi, na urefu wake lazima ulingane na ramani ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo vipimo vya kawaida vina thamani kuliko ubunifu: nguzo za mita sita sita hupata kazi ya pili mapema kuliko zile zilizokatwa kwa umbo la pekee. Mwenye fedha naye huuliza atakayevuna ni nani, kwa kuwa gharama ya bolti na pasipoti inalipwa leo na anayejenga, na akiba inamwangukia mwenye jengo wa siku ya kulifungua. Kampuni nyingi za ujenzi huuza jengo mara likamilikapo. Ujenzi wa kufunguka umeshika mizizi mapema zaidi kwa wamiliki wanaokaa na majengo yao muda mrefu, kama serikali, vyuo vikuu na mabenki, na pale ambapo mteja ameandika kwenye zabuni yenyewe namna jengo litakavyoondolewa.