Kisulisuli cha Salt Lake City: Robo saa, hasara ya dola milioni 170

Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa kwenye maonyesho hupiga hesabu nyingi: usafirishaji wa mzigo, kodi ya banda, malipo ya vibarua na bei atakayouzia. Ni wachache wanaouweka upepo katika hesabu hizo. Tarehe 11 Agosti 1999, katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, upepo ndio uliofunga hesabu.

Siku hiyo ya Jumatano, muda mfupi kabla ya saa 7 mchana, tonado, yaani kisulisuli kikubwa kinachoshuka kutoka kwenye wingu la mvua ya radi, kilipita katikati ya mji. Kilidumu chini ya robo saa na kufuata njia ya kilomita zipatazo saba. Mtu mmoja aliuawa, zaidi ya 80 walijeruhiwa, na hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 170.

Wataalamu walikipa daraja la F2, katika kipimo kinachoanzia F0 hadi F5. Kwa wakazi wa nyanda za Oklahoma au Kansas, hilo si jambo geni. Kwa Utah lilikuwa jambo la ajabu. Jimbo hilo hupata tonado mbili hivi kwa mwaka, nyingi zikiwa hafifu na zikiangukia maeneo yasiyo na watu. Wakazi wengi waliamini kuwa milima iliyouzunguka mji ni ngao ya kutosha.

MAHEMA YA BIASHARA

Pigo kubwa kwa wafanyabiashara lilikuwa kwenye maonyesho ya Outdoor Retailer. Hapa ndipo watengenezaji wa mahema, mabegi, viatu vya kupandia milima na vifaa vya kambini hukutana na wenye maduka. Wenye maduka hawaendi kutazama tu. Huagiza bidhaa za msimu unaofuata. Kwa kampuni ndogo, siku hizo chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mauzo ya mwaka.

Ukumbi wa Salt Palace haukuwatosha washiriki wote, hivyo mahema makubwa yalisimikwa nje. Tonado iliyafikia wakati vibarua na wenye bidhaa wakipanga mabanda. Mahema yalichanwa na kuangushwa, na aliyepoteza maisha alikuwa msimamizi wa kazi hiyo ya kupanga mabanda.

Jirani na hapo, paa la uwanja wa ndani wa Delta Center liliharibiwa na madirisha ya hoteli ya Wyndham yakavunjika. Kisulisuli kikapanda hadi eneo la Capitol Hill, kikang'oa miti mikubwa ya bustani ya Memory Grove na kuezua nyumba katika mtaa wa Avenues. Majengo karibu 300 yaliharibiwa.

NANI HULIPA?

Kwa kawaida bima ya nyumba nchini Marekani hufidia hasara ya upepo. Mafuriko na tetemeko la ardhi ndiyo huhitaji bima ya ziada. Kwa hiyo wenye nyumba wenye bima walikuwa na mahali pa kuanzia.

Mwenye bidhaa ndani ya hema yuko katika hali tofauti. Bima nyingi za biashara huandikwa kwa mali iliyo katika duka au ghala lililotajwa kwenye mkataba. Mali hiyo ikitolewa na kupelekwa maonyeshoni, kinga hupungua na kuwa ya kiwango kidogo, au huisha kabisa. Aidha, kulipwa thamani ya sampuli zilizoharibika si sawa na kulipwa faida ya oda zilizopotea. Faida hiyo hufidiwa na bima ya kusimama kwa biashara, ambayo wafanyabiashara wadogo wengi hawaikati.

Kuna mtego mwingine: kukata bima ya thamani pungufu ili ada iwe ndogo. Tuseme mali ina thamani ya shilingi milioni 10, lakini imekatiwa bima ya milioni 6. Ikitokea hasara ya milioni 5, mkataba wenye kifungu cha uwiano hulipa milioni 3 tu. Milioni 2 zilizobaki ni za mwenye mali.

KWA MWENYE HISA

Kwa mwekezaji mdogo mwenye hisa za kampuni ya bima, tukio la dola milioni 170 likigawanywa kwa kampuni nyingi halitikisi soko. Hatari huja pale kampuni inapokuwa imejaza wateja wake katika eneo moja. Mwaka 1992 kimbunga Andrew kilipopiga Florida, kampuni kadhaa za bima zilifilisika kwa sababu hiyo. Kabla ya kununua hisa, ni vyema kuuliza wateja wa kampuni wako wapi na imejikinga vipi kwa bima ya mtawanyo.

Salt Lake City ilijirekebisha. Februari 2002 iliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, na Delta Center ikatumika kwa mashindano ya kuteleza kwenye barafu. Outdoor Retailer nayo iliendelea mjini humo kwa miaka mingi. Ilipohamia Denver mwaka 2018, sababu ilikuwa mvutano wa kisiasa kuhusu ardhi ya umma, si upepo.

Kwa mwenye mzigo unaoelekea maonyeshoni, maswali ni matatu: Mkataba wa bima unataja mahali gani? Unataja thamani gani? Na je, bidhaa zote lazima ziwe chini ya hema moja? Majibu yake hupatikana kwa wakala wa bima kabla mzigo haujapakiwa. Baada ya tufani, wakala husoma kile kilichoandikwa tu.