Nguvu peke yake haitoshi: Hesabu ya msokoto katika gurudumu la lori

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Kigali kupitia Rusumo, au Bujumbura kupitia Kabanga na Kobero, husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Tairi likipasuka njiani, utingo hushuka na spana mkononi. Kazi anayoifanya hapo ndiyo swali ambalo wanafunzi wengi wa sekondari hulikosea katika mtihani wa fizikia.

Swali hilo linahusu msokoto, yaani uwezo wa kani kukizungusha kitu. Msokoto hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, na hupimwa kwa newton-mita. Kwa hiyo umbali una nafasi sawa na kani katika hesabu hii.

Tuchukulie kwamba nati ya gurudumu inahitaji msokoto wa newton-mita 600 ili ikazwe ipasavyo. Spana ina urefu wa sentimita 50, na utingo mwenye kilo 60 anasimama kwenye ncha ya mpini uliolala sambamba na ardhi. Uzito wake ni takriban newton 600. Kosa la kwanza la wanafunzi ni kuzidisha 600 kwa 50. Sharti sentimita zigeuzwe kwanza kuwa mita: 600 mara 0.5 ni newton-mita 300, nusu tu ya kinachohitajika. Akichomeka bomba hadi mpini ufikie mita 1, mtu yuleyule anapata 600 kamili.

Kosa la pili ni kusahau pembe. Umbali unaohesabiwa ni ule unaokutana na mstari wa kani kwa pembemraba. Mpini huo wa mita 1 ukiinuliwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, uzito wa utingo bado unavuta wima kwenda chini, lakini umbali unaofaa unabaki mita 0.5. Msokoto unarudi kuwa 300, ingawa mtu na bomba havikubadilika.

Kisha kuna mzunguko wenyewe. Gurudumu lililoinuliwa kwa jeki hukaidi kuzungushwa, na ukaidi huo huitwa inesha ya mzunguko. Ikiwa gurudumu lina kilo 60, na tuseme zote ziko ukingoni, mita 0.5 kutoka katikati, inesha yake ni 60 mara 0.5 mara 0.5, yaani 15. Mtu akivuta ukingo kwa newton 30, msokoto ni 30 mara 0.5, nao pia ni 15. Gawanya msokoto kwa inesha: mwendo wa kuzunguka utaongezeka kwa radiani 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sekunde 4 utakuwa radiani 4 kwa sekunde, kasi inayokaribia theluthi mbili za mzunguko mmoja kila sekunde.

Darasani, kukosea hesabu hizi hugharimu alama. Barabarani hugharimu zaidi. Nati iliyolegea huweza kuliachia gurudumu likachomoka lori likiwa mwendoni. Nati iliyokazwa kwa kurukaruka juu ya bomba refu nayo ni hatari, kwa kuwa bolti hunyooshwa kupita kiasi na huweza kukatika baadaye. Ndiyo sababu mafundi hushauriwa kutumia spana yenye kipimo cha msokoto, na kuzikagua nati upya baada ya kilomita za mwanzo, kwa kawaida kati ya 50 na 100.

Kwa mwanafunzi, utaratibu ni mfupi: chora mchoro, weka alama ya egemeo, onyesha kila kani na mwelekeo wake, tafuta umbali wa pembemraba, geuza vipimo viwe vya mita, kisha ndipo uzidishe.