Vifo vya UKIMWI Jijini New York: Kwa Nini Vimepungua, na Kwa Nini Havijakwisha

Familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki na Kati ziliufahamu UKIMWI katika miaka ambayo kupata ugonjwa huo kulihesabiwa kuwa sawa na kufa. Kumbukumbu ya misiba hiyo ingali inawafanya wengi waogope kupima. Historia ya jiji la New York yaonyesha kwamba hali imebadilika.

Mwenendo wa vifo

Wagonjwa wa kwanza waliripotiwa mwaka 1981. Vifo viliongezeka mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 UKIMWI ulikuwa ndio unaoongoza kwa kuua wanaume wa jiji hilo wenye umri wa miaka 25 hadi 44. Mwaka 1994 na 1995 walifariki watu zaidi ya 7,000 kila mwaka. Mwaka 1996 idadi ilishuka hadi takriban 5,000, na mwaka 1997 hadi takriban 2,600. Baadaye vifo viliendelea kupungua, ingawa kwa mwendo wa polepole. Tangu ugonjwa ulipozuka, wakazi zaidi ya 100,000 wamepoteza maisha.

Kilicholeta nafuu

Dawa ya AZT ilikuwapo tangu mwaka 1987, lakini ilipotumika peke yake virusi viliizoea. Mwishoni mwa mwaka 1995 na mwanzoni mwa 1996 Marekani iliidhinisha dawa za kundi jipya, na madaktari wakaanza kuwapa wagonjwa dawa tatu kwa pamoja. Virusi vilipozuiwa kuzaliana, kinga ya mwili ilipata nafasi ya kujijenga upya. Leo wagonjwa wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku.

Wanaoendelea kufariki

UKIMWI huwaua zaidi waliochelewa kujua kuwa wana virusi, na walioacha dawa. Vifo ni vingi zaidi katika mitaa yenye umaskini, hasa miongoni mwa watu weusi na Walatino. Anayepima mapema na kudumu katika matibabu anaweza kuishi hadi uzeeni. Hatari zake kubwa huwa zile za watu wengine, kama vile maradhi ya moyo na saratani. Kwa hiyo naye yampasa kupima shinikizo la damu na kuacha sigara.

Mambo yanayowatia wahamiaji hofu

• Uhamiaji. Tangu Januari 4, 2010, kuwa na VVU si kizuizi cha kuingia Marekani wala cha kupata ukaazi, na kipimo cha VVU si sehemu ya uchunguzi wa afya wa uhamiaji.

• Gharama. Kliniki za afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa za jiji humhudumia hata asiye na uwezo wa kulipa, bila kujali hali yake ya uhamiaji. Jimbo nalo lina mpango wa kuwagharamia dawa wakazi wenye kipato kidogo wasio na bima.

• Siri. Sheria ya jimbo hulinda siri ya habari za VVU. Mgonjwa ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, naye anaweza kuomba wa kwenye simu. Si lazima mtoto, jirani au ndugu atafsiri.

• Ndoa na uzazi. Mtu anayetumia dawa ipasavyo, hata virusi vikawa havionekani katika kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mama mjamzito anayetibiwa mapema anaweza kujifungua mtoto asiye na virusi.

Hatua ya kuchukua

Kila mtu mzima apime VVU walau mara moja, hata kama hajisikii mgonjwa. Anayehofia kuwa ameambukizwa siku chache zilizopita afike kliniki kabla ya saa 72 kupita, kwani zipo dawa za kuzuia maambukizi. Aliyekwisha kuacha dawa arudi bila aibu. Matibabu huanzishwa tena. Mkazi wa New York anaweza kupiga simu 311, kuomba mkalimani wa Kiswahili, na kuelekezwa kliniki iliyo karibu.