Waliozaliwa Washukiwa

Mwaka 1871 Waingereza waliokuwa wakiitawala India walitunga Sheria ya Makabila ya Wahalifu. Kwa sheria hiyo, jamii nzima iliweza kutangazwa kuwa ya wezi, hata wachanga waliokuwa bado mgongoni mwa mama zao.

Iliwaangukia vibaya watu wa jamii kadhaa za Maharashtra, jimbo la magharibi linalozungumza Kimarathi. Wapardhi walikuwa wawindaji, mafundi wa kutega kware na swala. Wakaikadi walisuka vikapu, wakavipakia juu ya punda na kuviuza kijiji hadi kijiji. Wabanjara waliswaga misafara ya ng'ombe waliobeba chumvi na nafaka, mpaka reli, iliyoanzia Mumbai mwaka 1853, ikawanyang'anya kazi. Kosa lao hasa lilikuwa kuhamahama. Serikali iliyotoza kodi kwa kufuata shamba haikumwamini mtu asiye na shamba. Na kwa kuwa katika mfumo wa matabaka wa India mtu alitarajiwa kurithi kazi ya baba yake, wakoloni wakasadiki kwamba hata wizi hurithiwa.

Walioandikishwa chini ya sheria hiyo waliripoti kwa polisi kila mara, na hawakutoka kwenda kijiji cha pili bila kibali. Mkenya aliyesimuliwa na babu yake habari za kipande cha enzi za ukoloni anaijua adha hiyo. Mjini Solapur familia zilifungiwa ndani ya kambi yenye uzio wa waya wa miba, zikaitwa majina kwa zamu, na wengi wakapelekwa kufanya kazi katika viwanda vya nguo.

Sheria hiyo ilifutwa tarehe 31 Agosti 1952, na jamii hizi huiadhimisha siku hiyo hadi leo. Lakini zilifuata sheria za kuwabana "wahalifu sugu", na jicho la polisi likabaki palepale. Kisha sheria ya wanyamapori ya mwaka 1972 ikaubana uwindaji, na Mpardhi akapoteza riziki aliyoijua. Wizi ukitokea kijijini, vibanda vyake ndivyo vinavyopekuliwa kwanza.

Ni kweli, Mbanjara mmoja, Vasantrao Naik, aliliongoza jimbo hilo kama Waziri Mkuu wake kuanzia 1963 hadi 1975. Lakini anayetaka kuyajua maisha ya walio wengi awasome Laxman Mane, Mkaikadi aliyeandika "Upara", na Laxman Gaikwad, mwandishi wa "Uchalya". Vitabu vyote viwili vilipata tuzo ya fasihi ya Sahitya Akademi. Gaikwad hakuificha njaa ya nyumbani kwao, wala wizi uliozaliwa na njaa hiyo, wala kipigo cha polisi. Ujasiri huo naustahi sana.

Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya India iliagiza safu ya tabaka iondolewe katika madaftari ya magereza, na polisi wasiwakamate watu wa jamii hizi kiholela. Hatua hiyo ilichelewa mno, na peke yake haitoshi. Kijana wa jamii hizi anayeomba cheti cha jamii yake, ambacho ndicho kinachomfungulia nafasi ya masomo na kazi serikalini, hutakiwa kuthibitisha kwa hati kwamba ukoo wake uliishi Maharashtra tangu mwaka 1961. Babu yake alilala chini ya turubai, leo kwenye ukingo wa mto, kesho pembeni mwa barabara. Hati hiyo angeipata wapi? Maofisa na waende kambini, wakae na wazee, wauandike ushahidi wao, na cheti kitolewe hapohapo.