Mnara wa Yangambi: mashine ya kupima hewa inapoanza kudanganya

Mtu akitoka Lubunga na kushuka mto Kongo kwa baleinieri, baada ya kilomita karibu 100 anafika Yangambi. Kule ndani ya msitu, tangu 2020, kunasimama mnara wa metre 55 kwa jina CongoFlux, wa kwanza wa namna yake katika Bonde la Kongo. INERA na Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wanautumia kujua msitu unavuta gesi ya kaboni (CO2) kiasi gani, na unarudisha kiasi gani.

Mashine inapimaje? Inapitisha mwangaza usioonekana kwa macho ndani ya hewa. CO2 inameza sehemu ya mwangaza ule. Kadiri gesi ni nyingi, ndivyo mwangaza unapungua. Kipimo kinarudiwa mara nyingi kila sekunde, pamoja na mwendo wa upepo.

Shida inaanzia hapo. Katika sehemu milioni moja za hewa, CO2 ni kama 420 tu. Vumbi kidogo kwenye kioo, tone la mvua, ao utando wa buibui vinatosha kuharibu hesabu. Kwa mashine zinazovuta hewa kwa mpira, filtre inaziba, pompe inachoka, na unyevu unageuka maji ndani ya mpira. Radi nayo haina huruma kwa kitu kirefu chenye nyaya.

Mashine ikizimika kabisa, fundi anajua palepale. Ile ya kuogopa ni inayoendelea kutoa namba huku imepotea pole pole. Ni kama mizani ya sokoni: mshale unatembea vizuri, lakini kilo si kilo tena.

Dawa yake ni ileile ya mizani: kuipima kwa kitu kinachojulikana. Fundi anapitisha kwanza hewa isiyo na CO2, mashine iseme sifuri. Kisha anapitisha gesi ya chupa yenye kipimo kilichoandikwa. Namba zikiachana, anairekebisha. Anasafisha kioo, anabadilisha filtre, na kila kitu anakiandika ndani ya daftari. Chupa ile ikiisha, haipatikani sokoni Lubunga. Lazima iagizwe mapema.

Kazi hii ndogo inagusa wakaaji wote wa Tshopo. Dunia inapozungumza juu ya kaboni ya misitu yetu na faida yake, inaanza na namba. Kioo kikiwa kichafu, msitu unaweza kuhesabiwa vibaya, na hakuna mti utakaosimama kukataa.