Jinsi janga la Covid-19 lilivyowakosesha watoto kliniki Eldoret

MZAZI aliyeahirisha kumpeleka mwanawe kliniki mjini Eldoret mnamo 2020 hakuwa mzembe kila mara. Mara nyingi alikuwa amepima hatari mbili, akachagua ile aliyoiona kuwa ndogo.

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Wiki mbili baadaye, kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza kutekelezwa. Matatu za abiria 14 ziliagizwa kubeba wanane pekee. Nauli ikapanda wakati ambapo wengi walikuwa wakipoteza vibarua.

Masharti hayo yaliulemea mji huu kwa namna ya pekee. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo tangu 2015 ina hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, huhudumia pia wakazi wa kaunti za mbali kama vile Turkana, Pokot Magharibi na Busia. Kwa familia inayosafiri kutwa nzima, kafyu ilimaanisha kulala mjini, na malazi ni gharama.

Kisha kulikuwa na hofu. Homa na kikohozi, ambazo humfikisha mtoto hospitalini kila siku, ni dalili za Covid-19 pia. Wazazi waliogopa kuwekwa karantini, ambayo mwanzoni watu walijilipia wenyewe.

Hata hivyo, si kila kiti kitupu kliniki kilikuwa ishara ya mtoto aliyenyimwa matibabu. Shule zilifungwa, watu wakavaa barakoa na kunawa mikono, hivyo mafua na maradhi mengine ya kuambukiza yakapungua.

Walioathirika zaidi ni wa makundi mawili. Kwanza ni wachanga wanaohitaji chanjo wakiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha ya surua katika miezi 9 na 18. Mtoto asiyeugua ni rahisi kusubirishwa. Kulingana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, watoto milioni 23 walikosa chanjo za kimsingi ulimwenguni mwaka 2020, ongezeko la milioni 3.7 kuliko 2019.

Pili ni wenye maradhi ya kudumu kama vile selimundu, kifafa, saratani na HIV. Kwa hawa, kukosa miadi huweza kumaanisha kuishiwa na dawa. Kutoa dawa za miezi kadhaa kwa mpigo, kama ilivyofanywa kwa wenye HIV, hupunguza safari bila kukatiza matibabu.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, lakini pengo la chanjo halizibiki lenyewe. Habari njema ni kwamba aliyekosa dozi haanzi upya. Huendelea pale alipokomea. Mzazi anahitaji tu kufungua kijitabu cha Mama na Mtoto, atazame nafasi zilizoachwa wazi, na kukifikisha kwa muuguzi.