Simba wa Kale

Ukifika Dar es Salaam, shuka Kariakoo uende Mtaa wa Msimbazi. Hapo ndipo ilipo klabu ya Simba, ambayo mpaka mwaka 1971 iliitwa Sunderland. Siku ya mechi na Yanga utawaona washabiki waliovaa nyekundu wakinguruma barabarani. Umri wa klabu hiyo wanaujua. Je, simba wa porini ameishi nchini kwetu tangu lini?

Kutoka Kariakoo tembea kuelekea baharini mpaka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Humo utapata habari za Zinjanthropus, kiumbe wa jamii ya binadamu. Fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959 katika Bonde la Olduvai, Mkoa wa Arusha. Bonde hilohilo limetoa pia mifupa ya simba.

Mfupa hauwi jiwe kwa siku moja. Mnyama hufa kando ya ziwa. Tope na majivu ya volkano humfunika kabla fisi hawajammaliza. Maji ya ardhini huleta chumvichumvi za mawe, nazo huingia polepole ndani ya mfupa mpaka unakuwa mgumu na mzito. Mfupa huo huitwa kisukuku. Visukuku vya simba ni haba. Fikiri mwenyewe: nyumbu ni maelfu kwa maelfu, simba ni wachache. Mara nyingi hubaki jino tu au kipande cha taya, maana jino ni gumu kuliko mfupa.

Ili kujua umri, wataalamu hupima majivu ya volkano yaliyo chini na juu ya kisukuku. Kwa njia hiyo wameona kwamba simba wa Olduvai aliishi zaidi ya miaka milioni 1 iliyopita. Huko Laetoli, kusini ya Olduvai, yamepatikana mabaki ya paka mkubwa wa miaka kama milioni 3 na nusu. Wengine husema ni simba, wengine hukataa. Mimi naona tusiharakishe kumpa jina.

Zamani hizo Afrika Mashariki ilikuwa pia na paka wakubwa wenye meno marefu kama majambia. Hao walikwisha, simba akabaki. Jamii yake ilienea hata Ulaya. Katika pango la Chauvet, Ufaransa, watu walichora simba zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Hata madume hawana manyoya marefu shingoni! Simba hao wa Ulaya nao wamekwisha. Leo Tanzania ndiyo yenye simba wengi kuliko nchi yoyote.

Sasa, wewe unayelima au kuchimba kisima, ukikuta mfupa mzito kama jiwe, usiung'oe. Umri wake umo katika udongo unaouzunguka. Ukiubeba nyumbani, umri umeuacha shimoni. Weka alama mahali hapo, kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji apeleke habari Idara ya Mambo ya Kale.